Nairobi hadi New York: Kilomita, Saa na Tarehe za Tiketi

Maswali yaliyotufikia kuhusu safari za ndege za masafa marefu ni mengi kuliko nafasi tuliyo nayo, na mengi kati yake yanahusu njia moja: ile ya Nairobi hadi New York, ambayo shirika la Kenya Airways lilianza kuiruka bila kutua popote tarehe 28 Oktoba 2018. Kwa hiyo safu ya toleo hili nimeiachia njia hiyo peke yake. Barua nimezifupisha, majina nimeyaacha, na pale ambapo watu wawili wameuliza jambo moja nimejibu mara moja. Baadhi ya majibu yanatoka kwenye ramani na hesabu, na mengine yanatoka kwenye kaunta ya wakala wa tiketi, nilikofanya kazi kabla ya kushika safu hii.

SWALI: Mhariri, salaam. Mwanangu amepata nafasi ya masomo Marekani. Nimeonyeshwa ratiba ya zamani kidogo inayosema ndege huondoka Nairobi saa 23:25 na kufika New York saa 06:25, na wakati wa kurudi huondoka saa 12:25 na kufika Nairobi saa 10:55. Nikitoa, napata saa 7 za kwenda na saa 22 na nusu za kurudi. Je, ndege hurudi kwa njia ndefu zaidi, au ratiba imekosewa? (Mzazi, Eldoret)

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Ratiba haikukosewa na ndege haizunguki. Umetoa saa ya Nairobi kwenye saa ya New York, nazo ni saa za miji miwili ambayo jua haliichomozei kwa wakati mmoja. Kila saa inayochapishwa kwenye tiketi ni ya mahali ndege ilipo wakati huo: saa ya kuondoka ni ya mji wa kuondokea na saa ya kufika ni ya mji wa kufikia, na mashirika yote hufuata utaratibu huo.

Nairobi, kama Dar es Salaam na Kampala, iko saa 3 mbele ya saa ya dunia inayohesabiwa kutoka Greenwich. New York iko saa 5 nyuma ya saa hiyo katika majira ya baridi, kwa hiyo tofauti ya miji hiyo miwili ni saa 8. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani husogeza saa zao mbele kwa saa moja, na tofauti hupungua ikawa saa 7. Sisi wa karibu na ikweta hatuna desturi hiyo, kwa kuwa mchana wetu haurefuki wala haufupiki kiasi cha kumsumbua mtu.

Ratiba uliyoitaja ndiyo iliyotangazwa safari hizi zilipoanzishwa, na ingawa saa zake hurekebishwa kila msimu, kwa hesabu inatufaa sana. Tuichukulie ni majira ya baridi. Ndege inaondoka Nairobi saa 23:25, yaani saa 5 na dakika 25 usiku. Badala ya kutoa moja kwa moja, geuza kwanza saa ya kufika iwe saa ya Nairobi: 06:25 ya New York ukiiongezea saa 8 inakuwa 14:25, yaani saa 8 na dakika 25 mchana wa siku ya pili. Kuanzia saa 5 na dakika 25 usiku hadi saa 8 na dakika 25 mchana ni saa 15 kamili. Wakati wa kurudi fanya hivyo hivyo kwa saa ya kuondoka: 12:25 ya New York ni 20:25 ya Nairobi, yaani saa 2 na dakika 25 usiku, na ndege inatua kesho yake saa 5 kasoro dakika 5 asubuhi. Hizo ni saa 14 na nusu. Tofauti halisi ya kwenda na kurudi katika ratiba hiyo, basi, ni nusu saa tu, na sababu yake ni upepo, ambao nitaueleza kwa msomaji wa Mombasa.

Ujue pia kwamba saa hizo 15 si za angani zote. Muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inaposukumwa kutoka mahali ilipoegeshwa hadi inaposimama kabisa mwisho wa safari, pamoja na dakika za kutambaa kwenda kwenye barabara ya kurukia na dakika za kupanga foleni, ambazo katika uwanja wenye shughuli nyingi kama wa New York zinaweza kuwa nyingi. Ndiyo maana rubani, akishapaa, hutangaza muda mfupi kuliko ule wa tiketi, na abiria wasiojua hudhani amekusudia kuendesha kwa kasi ya ajabu.

Na kwa kuwa mwanao anakwenda kusoma, inafaa ajue kwamba njia hii wanafunzi waliipita zamani. Mnamo Septemba 1959, kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani, wanafunzi 81 kutoka Kenya walipelekwa New York kwa ndege ya kukodi ya mapangaboi, iliyolazimika kutua njiani. Mwaka uliofuata, 1960, wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa fedha za kundi kubwa zaidi. Uwanja waliofikia wale wa kwanza ulikuwa ukiitwa Idlewild, na tangu Desemba 1963 unaitwa John F. Kennedy, kwa hiyo jina atakalolikuta mwanao kwenye kadi yake ya kupandia ndege lina historia na Wakenya.

SWALI: Niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha pili kazi ya kutafuta umbali wa Nairobi na New York kwa ndege. Mmoja amenileta 11,840, wa pili 7,355 na wa tatu 6,390. Nani nimpe alama? (Mwalimu wa jiografia, Morogoro)

JIBU: Wape wote, mwalimu, kisha uwakate nusu alama kwa kutoandika kipimo. Namba ya kwanza ni kilomita, ya pili ni maili za nchi kavu, ambazo kila moja ni kilomita 1.609, na ya tatu ni maili za baharini, ambazo kila moja ni kilomita 1.852 na ndizo marubani na mabaharia wanazozitumia. Umbali ni ule ule. Tofauti ndogo za kilomita chache zitokeapo, mara nyingi husababishwa na mahali pa kupimia: mwingine hupima kutoka katikati ya mji, mwingine kutoka uwanjani, na ukumbuke kwamba uwanja wa Jomo Kenyatta uko nje kidogo ya Nairobi kwa upande wa kusini mashariki.

Ukipenda wanafunzi wahesabu wenyewe, wape latitudo na longitudo za viwanja viwili. Jomo Kenyatta uko nyuzi 1.3 kusini na nyuzi 36.9 mashariki, na John F. Kennedy uko nyuzi 40.6 kaskazini na nyuzi 73.8 magharibi. Kwa kanuni ya pembetatu za tufe watapata nyuzi 106 na nusu hivi kati ya miji hiyo, na kila nyuzi moja juu ya uso wa dunia ni kilomita 111 na kidogo. Yaani safari hii inakula karibu theluthi moja ya mzunguko mzima wa dunia.

SWALI: Assalaam aleikum. Binamu yangu alinitumia picha ya kiooni mwa kiti chake katika ndege ya New York, na ramani ikaonyesha wako juu ya jangwa la Sahara, sehemu za Algeria. Nikichukua rula na ramani ya ukutani, njia iliyonyooka inapita Uganda, Kongo, Cameroon na Nigeria. Kwa nini waende juu hivyo hadi jangwani? Na ni kweli kwamba kurudi ndege husukumwa na upepo? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Waalaykum salaam. Rula yako imenyooka, lakini ramani ya ukutani ndiyo iliyokunjuliwa kwa nguvu, kwa sababu dunia ni mviringo na karatasi ni bapa. Chukua chungwa, weka kidole cha shahada mahali pa Nairobi na kidole gumba mahali pa New York, kisha uvute uzi kati yake mpaka ukaze. Utaona uzi unapanda kaskazini kwanza, halafu unashuka. Huo ndio ufupi wa kweli. Njia hiyo huanza kwa kuelekea kaskazini magharibi ya Nairobi, ikapita Uganda, Sudan Kusini, pembe ya Jamhuri ya Afrika ya Kati, Chad, Niger, Algeria na Morocco, ikaingia Bahari ya Atlantiki, ikapita karibu na visiwa vya Azores vya Ureno, na katikati ya bahari ikafika nyuzi 42 kaskazini, ambazo ni juu kidogo ya New York yenyewe, kabla ya kuanza kuteremka kuelekea pwani ya Marekani.

Nimepima na ile njia ya rula yako kwenye ramani ya kawaida ya mabaharia, ambayo hushika mwelekeo mmoja wa dira mwanzo hadi mwisho. Inatoka kilomita kama 12,190, yaani imezidi ile ya uzi kwa kilomita 350 hivi. Kwa ndege inayokwenda kilomita 900 kwa saa, hizo ni dakika zisizozidi 25. Si nyingi kama watu wanavyodhani, lakini ni mafuta ya dakika hizo kila safari, na hakuna shirika litakaloyamwaga bure.

Hata hivyo usitarajie binamu yako aone mstari ule ule kila akisafiri. Wapangaji wa safari hufungua ramani ya upepo na taarifa za anga kila siku kabla ya ndege kuondoka, na nchi ikifunga anga lake, njia husogezwa. Anga la Sudan lilifungwa vita vilipoanza Aprili 2023, na Niger nayo ilifunga lake Agosti mwaka huo baada ya mapinduzi, ikalifungua mwezi uliofuata. Mtu akitazama uzi wa chungwa ataona mara moja kwamba njia hii inagusa au inapakana na nchi zote mbili, na kila mzunguko unaolazimishwa na fujo za chini huonekana katika dakika za juu.

Kuhusu upepo, umeambiwa kweli. Kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, hasa katika latitudo za kati kama za Atlantiki ya Kaskazini, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na katika majira ya baridi huwa na nguvu zaidi kuliko majira ya joto. Mara kwa mara kasi yake hupita kilomita 150 kwa saa, na siku nyingine hufika mara mbili ya hapo. Anayekwenda New York anaupokea usoni. Anayerudi anaupata mgongoni. Hesabu yake ni hii: tuchukulie ndege yenye kasi ya kilomita 900 kwa saa, na upepo ambao ukiusawazisha kwa njia nzima unafika kilomita 50 tu kwa saa. Kwenda, ndege itapiga kilomita 850 juu ya ardhi kila saa na kumaliza kilomita 11,840 kwa muda wa karibu saa 14. Kurudi itapiga kilomita 950 na kumaliza kwa saa 12 na nusu hivi. Upepo mdogo kiasi hicho umeleta tofauti ya karibu saa moja na nusu. Marubani wanaorudi hutafuta mkondo huo na kuupanda, na wanaokwenda huukwepa kwa kusogea kaskazini au kusini, hata ikibidi kuongeza kilomita. Kwa hiyo siku nyingine njia fupi kwa kilomita siyo fupi kwa saa.

SWALI: Nasikia ndege za kutoka Addis Ababa kwenda Marekani hutua njiani kujaza mafuta, ila za Nairobi hazitui. Je, ndege za Kenya ni kubwa zaidi? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Hapana, na wala Addis Ababa haiko mbali zaidi na Marekani. Jambo ni mwinuko. Uwanja wa Bole uko mita 2,334 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kiasi kwamba mabawa na injini hazipati nguvu kamili, na ndege iliyojaa mafuta, abiria na mizigo haiwezi kupaa salama na uzito wake wote. Kwa miaka mingi ndege za Ethiopia zinazokwenda Marekani zimekuwa zikiondoka na mafuta pungufu na kuyaongeza mahali pengine, kama vile Dublin au Lomé, lakini zikirudi kutoka Washington, ambako uwanja uko chini, huja moja kwa moja.

Nairobi nayo iko juu, mita 1,624, ila barabara yake ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, na kuondoka usiku, hewa ikiwa ya baridi na nzito, kunasaidia. Ndege iliyoanzisha njia hii ni Boeing 787-8 yenye viti 234. Shirika lilieleza wakati wa uzinduzi kwamba kila upande ungehitaji tani 85 za mafuta, marubani 4 wanaopokezana na wahudumu 12. Ukikumbuka kwamba uzito wa juu kabisa wa ndege hiyo wakati wa kupaa ni kama tani 228, utaona kwamba zaidi ya theluthi yake ni mafuta yatakayokuwa moshi kabla ya saa 15 kwisha. Kwa upande wa sheria, njia hii haikuwezekana mpaka Februari 2017, wakati mamlaka ya anga ya Marekani ilipoipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga, kwa kuwa bila daraja hilo shirika la nchi haliwezi kuanzisha safari zake lenyewe kwenda huko.

SWALI: Nipo Dar es Salaam na nataka kwenda New York. Wakala mmoja ananiuzia tiketi ya kupitia Doha, mwingine ya kupitia Nairobi. Ipi ni fupi? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Kwa kilomita, Nairobi haina mpinzani. Kutoka Dar es Salaam hadi New York kwa mstari wa uzi ni kilomita 12,440 hivi. Ukipitia Nairobi unaongeza mwendo mdogo sana, kwa sababu mji huo karibu uko njiani. Jumla ni kilomita 12,500. Ukipitia Doha unakwenda kwanza kilomita 3,800 na ushei kaskazini mashariki, yaani unaipa Marekani mgongo, halafu unaanza safari nyingine ya kilomita 10,770. Jumla inakuwa kilomita 14,600.

Lakini mimi sijawahi kumshauri mteja kwa kilomita peke yake, na wewe usikubali kushauriwa hivyo. Kipande cha Dar es Salaam hadi Nairobi ni saa moja na robo hivi angani, na kile kirefu ni saa 15. Kwa Doha, cha kwanza ni karibu saa 6 na cha pili ni karibu saa 14. Nairobi inaongoza kwa saa 3 au 4 hivi. Sasa uliza swali ambalo wakala hapendi kuulizwa: nitasubiri muda gani katikati? Ndege ya Dar es Salaam ikikufikisha Nairobi saa 6 mchana na ya New York ikaondoka usiku wa manane, zile saa ulizookoa angani umezimaliza kwenye kiti cha chuma uwanjani. Uliza pia kama safari ya moja kwa moja ya Nairobi inaruka siku hiyo, maana idadi yake kwa wiki hubadilika kwa msimu.

Swali la pili la kuuliza ni kama vipande vyote viwili vimo kwenye tiketi moja. Vikiwa kwenye tiketi moja, begi lako hupokelewa Dar es Salaam na kubandikwa lebo ya New York, na ndege ya kwanza ikichelewa ni wajibu wa shirika kukutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili tofauti ili kuokoa fedha, kila shirika halijui habari za lenzake: itakubidi uingie Nairobi, uchukue begi, upange foleni upya, na ukikosa ndege ya pili hasara ni yako. Nimewaona watu wakiokoa pesa kidogo kwa njia hiyo na kununua tiketi ya pili kwa bei ya siku ile ile, ambayo haina huruma.

Mwisho, safari haiishii kwenye magurudumu kugusa lami. Nairobi ufike uwanjani saa 3 kabla, kwa sababu abiria wa Marekani hupitia ukaguzi wa ziada. New York uhesabu foleni ya uhamiaji, kisha mizigo, kisha forodha. Na kama unaendelea mbele, tuseme Minneapolis au Dallas, kila abiria lazima achukue begi lake katika uwanja wa kwanza wa kuingilia Marekani na kulikabidhi tena, hata kama lebo imeandikwa mji wa mwisho. Angalia sana jina la uwanja wa kuunganishia: New York ina viwanja vitatu vikubwa, na tiketi ya bei nafuu inaweza kukushusha John F. Kennedy na kukutaka upandie LaGuardia au Newark, ambako utakwenda kwa gari. Kwa hali hiyo mimi nisingeacha chini ya saa 5 kati ya ndege na ndege.

SWALI: Nakwenda Toronto kwa kupitia New York. Nina viza ya Kanada. Yatosha? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Haitoshi. Katika viwanja vya Marekani hakuna mahali pa kusubiria ndege ya nchi nyingine bila kupita kwanza kwa maofisa wa uhamiaji, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Marekani hata kama atakaa saa 2 tu. Pitia Ulaya au Ghuba, na huko pia uulize masharti kabla ya kulipa.

SWALI: Tiketi ya dada yangu imeandikwa 00:40, tarehe 12. Tumpeleke uwanjani lini? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Usiku wa tarehe 11. Mfike uwanjani saa 3 na nusu usiku, siku ambayo kwa desturi yetu bado mtaiita tarehe 11, na ndege itaondoka dakika 40 baada ya saa 6 usiku, tarehe ikiwa imeshageuka.

Nalijibu kwa mkazo kwa sababu sisi tunaohesabu saa kutoka macheo tumezoea kwamba usiku ni mali ya siku iliyopita, au ni mali ya siku inayokuja, kutegemea umelelewa wapi, ila kompyuta ya shirika la ndege hugeuza tarehe saa 6 kamili ya usiku na haina mjadala. Alikuja mzee mmoja kwenye kaunta yetu asubuhi, kanzu imepigwa pasi, sanduku limefungwa kamba ya katani msalaba, na tiketi ndani ya bahasha ya kaki. Akaiweka mezani, akaelekeza kidole kwenye tarehe, akasema amekuja mapema kuuliza kama ndege ya usiku huo haijachelewa. Tarehe ilikuwa ya siku hiyo hiyo. Saa ilikuwa 00:35. Ndege yake ilikuwa imeshaondoka usiku wa jana, wakati yeye akiwa amelala nyumbani kwa mwanawe, umbali wa nauli moja ya matatu kutoka uwanjani. Tangu siku hiyo kila tiketi ya kati ya 00:00 na 05:59 niliyomkabidhi mtu niliiandikia kwa kalamu nyekundu, juu kabisa: «Fika usiku wa siku ya nyuma».

SWALI: Mama yangu ana miaka 70 na miguu humvimba. Anaweza kukaa saa 15? Dawa zake za kila siku anywe kwa saa ya wapi? (Msomaji, Machakos)

JIBU: Amwone daktari wake kabla ya tiketi kununuliwa, na amwulize mambo hayo mawili waziwazi, kwa kuwa kukaa kwa muda mrefu bila kusogeza miguu huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, na dawa nyingine hazipendi kusogezwa kwa saa 8. Mimi naweza kuongeza mambo madogo: mchukulie kiti cha kando ya njia ili ainuke bila kuomba radhi, anywe maji mara kwa mara, atembee kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho, na dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya vikopo vyake vyenye jina lake. Begi la chini likipotea siku mbili, dawa zisipotee nalo.

SWALI: Nikiondoka Nairobi usiku kwenda New York mwezi wa Desemba, jua litanikuta wapi? Nauliza kwa ajili ya sala ya alfajiri. (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Kwa ratiba ile ya kuondoka saa 5 na dakika 25 usiku, halitakukuta angani. Jua linakufuata kutoka mashariki na wewe unalikimbia kuelekea magharibi, kwa kasi iliyo karibu nusu ya kasi yake, na usiku wako unarefuka kwa kadiri hiyo. Nairobi jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni. New York mwishoni mwa Desemba huchomoza saa 1 na robo asubuhi ya kule, ambayo kwetu ni saa 9 na robo alasiri. Ukitua saa 12 na dakika 25, utakuta weupe ndiyo kwanza unaanza kuonekana upande wa baharini. Kwa hiyo utakuwa umeishi usiku mmoja wa karibu saa 21. Safari ya kurudi ni kinyume chake: unaondoka mchana, na baada ya saa 3 hivi kiza kimeingia, usiku ukapita kama saa 9, na asubuhi ikakukuta ukiwa umeshavuka bahari na kuingia juu ya bara la Afrika.

Namna ya kuzisali sala hizo ukiwa angani ni jambo la masheikh, na wapo waliolifafanua vizuri. Mimi nakuhakikishia upande wa jua tu, na nakushauri uchukue kiti cha dirishani upande wa kulia unapokwenda, kwa kuwa ndege ielekeayo magharibi dalili za alfajiri zitatokea nyuma yake, na kwa latitudo ile jua la Desemba huchomoza kusini mashariki, upande wa kushoto. Kwa hiyo upande wa kulia hautakuangaza machoni kabla ya wakati, na ukitaka kulala utalala.

SWALI: Mdogo wangu anayeishi New York amesema atanipigia simu saa 2 usiku ya kwake nikiwa bado Lubumbashi, siku moja kabla sijaondoka kwenda Nairobi. Nisubiri saa ngapi? (Msomaji, Lubumbashi)

JIBU: Lubumbashi, kama Goma na Bukavu, iko saa moja nyuma ya Nairobi, na Kinshasa iko saa mbili nyuma. Kwa hiyo kati yako na New York kuna saa 7 katika majira ya baridi na saa 6 wakati mwingine wa mwaka. Saa 2 usiku ya New York itakuwa saa 9 usiku kwako ikiwa ni Januari, au saa 8 usiku ikiwa ni Julai, na tarehe ya kwako itakuwa imeshageuka. Mwambie apige saa 6 mchana ya kwake, ambayo kwako ni saa 1 jioni au saa 12 jioni. Na ukifika Nairobi sogeza saa yako mbele kwa saa moja kabla ya kutazama ubao wa safari, maana saa ya kuondoka iliyo kwenye tiketi yako ya New York ni ya Nairobi, si ya Lubumbashi.